Kifukuza ndege cha sola kikigoma: tafuta tatizo kwa kufuata dalili

Kifukuza ndege kinachotumia sola na kuwaka chenyewe kikihisi mwendo ni mradi mzuri sana kwa anayeanza elektroniki. Vitu vyake ni vichache: paneli ndogo, chaja, betri moja ya lithiamu, sensa ya mwendo na kitu cha kutisha, iwe mota inayozungusha utepe unaong'aa, sevo inayopunga kijiti, au baza. Tabu yake ni kwamba kila kimoja kinaweza kusingiziwa kosa la mwenzake. Unabadilisha sensa kumbe betri imechoka. Unanunua betri mpya kumbe paneli inafunikwa na kivuli cha tawi kila siku kuanzia saa tano.

Nachukulia umetumia vifaa wanavyoanza navyo wengi: paneli ya volti 6 na wati 1, chaja ya TP4056 yenye ulinzi wa betri, betri ya 18650, kipandisha volti cha MT3608 kilichowekwa kwenye volti 5, sensa ya HC-SR501, na Arduino Uno, ubao wa programu unaoamuru mota au sevo. Kama chako kina tofauti kidogo, njia ya kutafuta tatizo ni ileile.

Kabla ya kugusa chochote, chukua multimita na ushike jambo moja: pima volti wakati mota inafanya kazi, si wakati kifaa kimetulia. Betri iliyochoka inaweza kusoma 3.9 ikiwa haina mzigo, halafu ikashuka hadi 3.1 pale mota inapoanza kuzunguka. Ukiipima imetulia utaapa kwamba ni nzima. Sehemu kubwa ya matatizo yaliyoandikwa hapa chini, hata yale yanayofanana kabisa na ubovu wa sensa au makosa ya programu, chanzo chake ni umeme usiotosha kwa sekunde moja au mbili tu.

Hakiwaki kabisa

Anza kwenye ubao wa TP4056. Weka multimita kwenye volti za DC, upime kati ya B+ na B-, kisha kati ya OUT+ na OUT-. Kama B inasoma 3.7 na OUT inasoma sifuri, ulinzi umekata umeme. Hilo hutokea betri ikishuka hadi karibu volti 2.5, na mara nyingi hutokea pia siku ile ile unapoiunganisha betri kwa mara ya kwanza, hata kama imejaa. Chomeka chaja ya simu kwenye tundu la USB la ubao huo kwa dakika chache na njia itafunguka. Kama B yenyewe inasoma chini ya 2, usihangaike kuifufua betri hiyo. Tafuta nyingine.

OUT ikiwa na umeme, hamia MT3608. Skrubu yake ndogo ya shaba huwasumbua wengi: unaweza kuizungusha mara kumi au zaidi kinyume cha saa bila volti kusogea hata kidogo, ukadhani ubao ni mbovu. Endelea kuizungusha. Ila fanya hivyo kabla ya kuunganisha kitu chochote upande wa pili, kwa kuwa ubao huu unaweza kupandisha hadi volti 28, na Arduino haitastahimili hizo kwenye pini ya volti 5.

Umeme ukiwepo hadi mwisho na bado kimya, angalia waya wa hasi. Hasi ya betri, ya Arduino, ya sensa na ya mota lazima zote zikutane. Sensa isiyochangia hasi na Arduino haiwezi kuiambia chochote. Halafu vuta kila kiungo ulicholehemu kwa kidole, taratibu. Kiungo kizuri kimetandaa na kinang'aa kuzunguka waya. Kiungo kibaya ni tone la kijivu lililokaa juu juu, na waya huchezacheza ndani yake.

Siku mbili kinafanya kazi, ya tatu kimekufa

Dalili hii inastahili hesabu, na hesabu yenyewe ni rahisi. Arduino Uno hula karibu miliampea 50 hata ikiwa haifanyi lolote. Kwa volti 5 hiyo ni wati 0.25, na kwa saa 24 inakuwa wati-saa 6. Ongeza umeme unaopotea kwenye kipandisha volti na betri itakuwa imetoa karibu wati-saa 7 kwa siku, kabla ndege hata mmoja hajatokea.

Sasa geukia upande wa kuingiza. Paneli ya wati 1 kwa volti 6 hutoa karibu miliampea 167 jua likiwa kali. TP4056 haibadilishi volti za ziada kuwa ampea. Huzichoma kama joto. Kwa hiyo siku yenye jumla ya saa tano za jua kali inaingiza miliampea-saa (mAh) 830 hivi, ambazo kwenye betri ya volti 3.7 ni kama wati-saa 3. Inaingia 3, inatoka 7. Betri nzuri ya mAh 2,500 ina wati-saa 9 na kidogo, kwa hiyo pengo hilo linaimaliza baada ya siku mbili hivi. Hakuna kilichoharibika. Kifaa kinafanya hasa kile ambacho hesabu inasema.

Watu wengi hukimbilia paneli kubwa zaidi. Mimi nasema punguza ulaji kwanza, maana ndiko faida ilikolala. Ondoa Uno. Ukitaka kubaki na Arduino, tumia Pro Mini ya volti 3.3, toa taa yake inayowaka muda wote, na uilaze kwa programu ili iamshwe na ishara ya sensa kupitia pini ya 2 au 3. Ikilala vizuri hula sehemu ndogo sana ya miliampea. Sensa ya HC-SR501 yenyewe inahitaji karibu miliampea 0.05 tu, lakini inataka volti 4.5 kwenda juu, jambo linalokulazimisha kuacha kipandisha volti kikiwa kimewashwa usiku kucha. Sensa nyingine ya mwendo, AM312, inakubali kuanzia volti 2.7, kwa hiyo inaweza kuunganishwa moja kwa moja kwenye betri, na kipandisha volti kikawashwa tu mota inapotakiwa.

Na kwa anayeanza kabisa, ushauri wangu wa dhati ni kujenga cha kwanza bila Arduino. HC-SR501 ina kitasa cha kuchagua muda, toka sekunde chache hadi dakika kadhaa. Ishara yake ikiingia kwenye transista inayowasha mota, tayari una kifaa kamili chenye vitu vichache vya kuharibika.

Ulaji ukiwa mdogo na bado betri haijai, pima paneli. Itenganishe na chaja, ielekeze kwenye jua la mchana na upime volti: paneli ya volti 6 isiyo na mzigo husoma karibu 7. Halafu hamisha waya mwekundu wa multimita kwenye tundu la ampea 10, ugeuze kitasa kwenye ampea, na uguse ncha mbili za paneli moja kwa moja. Paneli ya wati 1 iliyo nzima itatoa kati ya miliampea 150 na 180. Kipimo hiki ni salama kwa paneli ndogo. Usikifanye kamwe kwenye betri, kwa maana lithiamu hutoa ampea nyingi mno kwa mpigo na inaweza kulipuka moto. Ukimaliza, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti kabla ya kupima kitu kingine.

Volti zikiwa nzuri na ampea zikiwa ndogo, jibu ni kivuli, vumbi au mwelekeo. Jaribu hivi: multimita ikiwa bado inasoma ampea, weka kidole juu ya kipande kimoja tu cha paneli. Namba inaporomoka, si kwa kiasi cha kidole bali karibu yote, kwa sababu vipande vimeunganishwa kwa mfuatano na kilichofunikwa kinawazuia wenzake. Jani moja lililonasa linafanya vivyo hivyo. Paneli ielekee ikweta, na mwinamo wake ukaribiane na latitudo ya mahali ulipo. Walio karibu na ikweta waiinamishe nyuzi 10 hadi 15 hivi ili mvua isafishe vumbi.

Taa nyekundu ya TP4056 ikiwa inapepesa badala ya kuwaka tuli, chaja inavuta kuliko paneli inavyoweza kutoa. Ubao hutoka kiwandani ukiwa na kipingamizi cha ohmu 1,200, kinachoruhusu ampea 1 nzima. Kibadilishe na cha kilo-ohmu 5, upate miliampea 250, au cha 10, upate 130.

Jambo la mwisho hapa ni betri yenyewe. 18650 iliyoandikwa mAh 9,900 ni ya uongo; nzuri za ukubwa huo huwa kati ya 2,000 na 3,500. Iweke kwenye mizani ndogo. Iliyo halali ina gramu 45 hivi, na iliyo nyepesi sana kuliko hapo haina ndani kile inachodai.

Kinawaka ovyo bila ndege

HC-SR501 inapopewa umeme huhitaji karibu dakika moja kutulia, na katika muda huo hufyatuka yenyewe mara kadhaa. Usiihukumu kabla ya hapo.

Ikiendelea baada ya hapo, fanya jaribio litakalokuokolea muda mwingi: ifunike sensa yote kwa boksi la karatasi ngumu, isione chochote, na uache mota ikiwa imeunganishwa. Ikitulia, ilikuwa inaona kitu halisi. Ikiendelea kufyatuka gizani, tatizo ni umeme.

Tuseme imetulia. Basi tafuta kinachosogea mbele yake. Mara nyingi ni utepe wenyewe: umepashwa na jua, mota inauzungusha, sensa inauona, inaamuru mota tena, na mzunguko hauishi hadi jua lizame. Weka mota nyuma ya sensa au juu yake, na kwenye programu ipuuze sensa kwa sekunde kumi baada ya kila tukio. Majani yaliyopashwa jua yakipeperuka hufanya vivyo hivyo, na pia jua linaloingia moja kwa moja kwenye lenzi asubuhi au jioni. Usiielekeze sensa mashariki wala magharibi kama una nafasi ya kuchagua.

Tuseme haikutulia. Mota inapoanza, volti zinashuka ghafla. Ndani ya sensa kuna kikuza ishara chepesi sana, na mshuko huo kwake unafanana na mnyama aliyepita. Weka kapasita ya mikrofaradi 470 hadi 1,000 karibu na mota. Kisha kwenye waya wa chanya unaoingia kwenye sensa weka kipingamizi cha ohmu 100, na baada yake kapasita ya mikrofaradi 220 kwenda hasi. Sensa inakula umeme mdogo kiasi kwamba kipingamizi hicho hakiipunguzii kitu. Kama unatumia ubao wenye Wi-Fi kama ESP8266, usiulaze juu ya sensa: mawimbi yake yanatosha kuifyatua.

Waliotumia sensa ya RCWL-0516, inayofanya kazi kwa mawimbi ya redio, wana orodha yao. Hiyo huona mbele na nyuma, hupenya plastiki na kuta nyembamba, na matawi yaliyolowa yakiyumba inayahesabu kama kiumbe.

Ndege wanatua mbele yake na kinanyamaza

Kwanza angalia kama umeiziba kwa plastiki angavu. Sensa ya HC-SR501 husoma joto la miale ya infraredi ya mikromita 8 hadi 14, na kioo pamoja na akriliki huizuia miale hiyo kabisa, ingawa jicho lako linaona vizuri kupitia humo. Ile kofia nyeupe ya ukungu ni polietilini, nayo huipitisha. Toboa boksi ili kofia hiyo itokeze nje.

Pili, mita 7 zinazotajwa kwa sensa hii ni za binadamu anayetembea. Shomoro ni kitu kingine. Mwili wake una nyuzi joto 40 na zaidi, lakini manyoya yameuficha ujoto huo, na kwa nje tofauti yake na hewa ni ndogo. Kwa ndege wadogo panga umbali wa mita 1 au 2. Iweke sensa ili ndege akatishe mbele yake kwa upande, kwani anayekuja moja kwa moja kuelekea lenzi huonekana kwa taabu.

Kikifanya kazi asubuhi na kuwa kipofu alasiri, joto ndilo sababu: ardhi na ukuta nyuma ya ndege vimefikia joto la ndege mwenyewe, na hakuna tofauti ya kuonwa. Elekeza sensa mahali penye kivuli. Isipowezekana, na ndege wana mahali maalumu wanapopenda kutua, swichi ndogo chini ya kijiti cha kutulia itafanya kazi bora kuliko sensa yoyote ya joto, na haili umeme hadi ibonyezwe.

Usisahau vile vitasa viwili vya HC-SR501, cha muda na cha umbali. Cha muda kikiwa mwisho, ishara hubaki juu kwa dakika kama tano na utadhani imekwama. Na baada ya ishara kushuka, sensa hulala kama sekunde tatu kabla ya kuona tena.

Sevo inatetemeka, Arduino inajianza upya

Sevo ndogo ya SG90 ikizuiwa au ikianza kwa nguvu inaweza kuvuta zaidi ya nusu ampea. Ukiiunganisha kwenye pini ya volti 5 ya Arduino, volti zinashuka, Arduino inazimika na kuwaka, programu inairudisha sevo mwanzo, nayo inavuta tena. Utaona taa ya ubao ikipepesa kama ilivyofanya ulipochomeka umeme. Ilishe sevo moja kwa moja kutoka MT3608, kwa waya mnene. Zile waya nyembamba za bredibodi hupoteza volti njiani: pima kwenye kipandisha volti, kisha kwenye miguu ya sevo ikiwa inazunguka, na ulinganishe.

Mota ya kawaida izungukapo polepole huku transista ikichemka, transista haijafunguka vizuri. Ishara ya sensa ni volti 3.3, na transista ya aina ya MOSFET kama IRF520 inataka zaidi. IRLZ44N inafaa. Weka pia dayodi sambamba na mota, mstari wake ukielekea chanya. Bila dayodi hiyo, mota inapozimwa hutoa mpigo wa volti unaoua transista.

Baza inayotoa "ti" moja na kunyamaza si mbovu. Ni ile isiyo na saketi ndani, inayohitaji mdundo kutoka kwenye programu. Tumia amri ya tone() au nunua inayolia yenyewe.

Kilikuwa kizima, ikanyesha

Toboa tundu dogo chini ya boksi. Mvuke hugeuka kuwa maji ndani hata ya boksi lililozibwa vizuri, na yakikosa njia ya kutoka yatakaa kwenye shaba hadi iwe kijani. Waya ziingie kutoka chini, zikiwa zimeshuka kidogo kabla ya kupanda. Silikoni inayonuka siki hula shaba, kwa hiyo tafuta isiyo na harufu hiyo. Na betri usiibandike nyuma ya paneli: lithiamu haitakiwi kuchajiwa ikizidi nyuzi joto 45, na nyuma ya paneli mchana kunazidi hapo kirahisi.

Kila kitu kinafanya kazi, ndege hawajali

Kama umeweka kipaza sauti cha mawimbi ya juu ambayo binadamu hasikii, kitoe. Ndege wengi husikia kwa shida sauti zilizo juu ya kilohezi 10, na kilohezi 20 kwao ni kimya kama kwetu. Weka sauti unayoisikia wewe, au bora zaidi mwendo na mng'ao. Kama kuna kiota chenye mayai au makinda karibu, kizime kifaa hadi makinda yaruke.

Sauti ileile, mahali palepale, huzoeleka. Kihamishe kila baada ya siku chache na ubadilishe mpangilio: mara mota, mara baza, mara vyote. Wengi hutumia random(), amri ya kuchagua namba kwa bahati nasibu, kwa kazi hiyo, kisha wanashangaa ndege wamezoea. Sikiliza tukio la kwanza kila unapowasha kifaa. Likiwa lilelile, ni kwa sababu random() huanza na mfuatano uleule kila Arduino inapowaka. Ongeza randomSeed(analogRead(A0)) ndani ya setup(), pini ya A0 ikiwa haijaunganishwa na kitu. Na kama unasikia tukio hilo la kwanza likijirudia mchana kutwa bila wewe kugusa swichi, Arduino inajianza upya kila mota inapovuta. Rudi kwenye multimita, upime volti za betri mota ikiwa inazunguka.